Mbele ya kukata paa la gari yako, uliza kwanza maji yatapita wapi



Siku hizi mwenzetu mmoja wa promosheni aliuliza: "Nimenunua Celica, imepitia Mombasa, Kampala na Mahagi mpaka hapa Bunia. Ninataka kukata paa niweke kioo cha kufungua. Ni vizuri?" Wengi walicheka. Wengine walimwambia bora ile pesa anunue kiwanja. Mimi sikucheka, juu kosa hilo nililifanya mbele yake.

Gari yangu ilikuwa ya milango miwili, ya chini, ya kukimbia. Fundi (simtaji) alikata bati asubuhi, na jioni kioo kilikuwa kimekaa fasi yake. Ilikuwa Januari, jua kali. Nilipita Boulevard de Libération kioo kikiwa wazi, watoto wakinipungia mikono. Mwezi wa tatu mvua ikaanza. Mvua ya kwanza ilipita salama. Ya tatu ilimwangukia mama yangu kichwani tukitoka kanisani, amevaa kitenge kipya. Fundi akaweka silikoni. Maji yakahama kona. Akaongeza silikoni, yakahama tena. Kisha kutu ilikula ukingo wa bati, tapi za chini zikaoza, taa za ndani zikaanza kujiwashia zenyewe. Niliiuza kwa bei ya aibu.

Kosa letu, mimi na fundi, lilikuwa moja: tulifikiri kazi ya kioo cha paa ni kuzuia maji. Sivyo. Kazi yake ni kuyaongoza.

Angalia gari iliyotoka kiwandani na kioo cha kufungua. Chini ya kioo kuna fremu iliyo na mufereji kuzunguka pande zote. Mpira wa pembeni unapunguza maji tu, haufungi kabisa. Yale yanayopita yanaanguka ndani ya mufereji, na kwenye kona zake nne kuna tiyo nyembamba. Mbili zinashuka ndani ya nguzo za kioo cha mbele, mbili zinashuka nyuma, na maji yanatokea chini ya gari bila wewe kujua. Njo maana dereva anakaa mukavu: maji yameingia, lakini yamepewa njia ya kutoka.

Kuna aina nyingine ya bei ndogo, kioo kinachonyanyuka upande wa nyuma tu, bila mufereji wala tiyo. Hicho kinategemea mpira peke yake. Mpira ukiwa mupya, sawa. Jua likishaukausha, unaanza maisha yangu mimi.

Sasa weka hiyo kwa hali yetu ya Bunia. Desemba mpaka Februari vumbi letu jekundu linaingia kila fasi, hata ndani ya tiyo. Mvua ya kwanza inaligeuza kuwa matope, tiyo inaziba, mufereji unajaa na maji yanamwagika ndani ya plafo. Kwa hiyo hata mwenye gari ya kiwandani afanye jaribio hili mbele ya mvua: fungua kioo, mwanga maji kidogo kwenye kona ya mufereji, kisha inama uangalie kama yanatoka chini. Yasipotoka, pitisha waya laini ya breki ya kinga polepole. Usipige hewa ya kompresa kwa nguvu, juu inaweza kung'oa tiyo pale iliposhikwa, na hapo utakuwa na kazi kubwa kuliko ya kwanza.

Jambo la pili ni nguvu ya gari. Mutu ataniambia: "Mbona Arusha na Nairobi wanakata paa za Land Cruiser za watalii kila siku?" Ni kweli, na wanafanya vizuri. Lakini Land Cruiser ya aina ya 70 iko na chasi yake ya chuma chini, na bodi imekalishwa juu yake. Tena mafundi wale wanajenga fremu ya chuma kuzunguka tundu, kisha paa linanyanyuka juu ya miguu yake. Gari ndogo ya kukimbia haina chasi ya namna ile. Bodi yenyewe njo chasi, na paa ni kipande cha hiyo nguvu. Chini ya bati, ambalo halifikii hata milimita moja, kuna vyuma vinavyokatiza toka kushoto kwenda kulia. Ukivikata, gari inaanza kujikunja kidogo katika kila shimo, na mashimo ya barabara zetu munayajua. Gundi inapasuka, maji yanaingia. Na siku gari itapinduka, paa njo linalinda kichwa chako. Sheria ya Marekani ya 2009 inadai paa la gari ndogo lihimili mara tatu ya uzito wa gari yenyewe. Paa si kofia.

Kwa gari ya kukimbia kuna hesabu nyingine: uzito wa juu. BMW M3 ya 2007 ilipewa paa la kaboni ili uzito wa juu upungue na gari ikamate kona vizuri. Mununuzi aliyetaka kioo cha kufungua alipewa paa la chuma. Tena fremu ile inakula sentimita kadhaa za nafasi ya kichwa. Mutu murefu ndani ya gari ya chini atauona huo ukweli kila akikaa.

Sisemi kukata ni dhambi. Heinz Prechter alianzisha kampuni yake ya kazi hiyo Los Angeles mwaka 1965, na ikawa biashara kubwa. Lakini ukikata, fanya hivi:

1. Nunua seti kamili: fremu, mufereji na tiyo nne. Kioo peke yake usinunue.
2. Toa plafo kwanza, uone vyuma, nyaya na mifuko ya hewa ya pembeni iko fasi gani. Kama tundu haliingii bila kukata vyuma, acha.
3. Fundi akate kwa msumeno wa umeme, asitumie meule. Cheche zake zinachoma rangi na vioo, na vumbi la chuma linaleta kutu.
4. Ukingo wa bati upigwe tupa, kisha rangi ya kuzuia kutu, mbele ya gundi.
5. Mwagia maji nusu saa mbele ya kurudisha plafo. Fundi akikataa jaribio hilo, rudi na gari yako nyumbani.

Na njia rahisi kuliko zote: tafuta gari iliyotoka Japani na kioo chake. Celica za namna hiyo ziko.

Ndugu yangu wa Celica, swali la kumuuliza fundi ni moja tu: "Maji yatatokea wapi?" Akikuonyesha kwa kidole chini ya gari, mufikirie bei. Akikuonyesha silikoni, mushukuru na uende.