Mkopo wa Halmashauri Si Mgawo

"Zile hela za Serikali zinagawiwa lini?" Naulizwa swali hili kila robo ya mwaka, tena na watu wanaosoma magazeti. Hazigawiwi. Zinakopeshwa.

Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Riba hakuna. Wengi wakishasikia hivyo, hawasikilizi tena. Kwao kisicho na riba ni cha bure, na cha bure hakirudishwi. "Si kodi yetu wenyewe?"

Ndiyo, kodi yenu, pamoja na ushuru wa yule muuza nyanya wa Mabibo anayesubiri zamu yake. Marejesho yako ndiyo anayokopeshwa yeye. Baada ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuanika madeni yasiyolipwa na vikundi hewa, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza kusitishwa kwa mikopo hiyo Aprili 2023, ikarejea 2024. Mama lishe aliyekuwa akilipa vizuri alikosa sawasawa na tapeli.

Na utapeli wenyewe haujifichi. Dalali anakusanya watu watano wasiojuana, anawauzia katiba, muhtasari wa kikao kisichofanyika na andiko la mradi wa kuku wa mayai. Milioni 10 zinaingia benki asubuhi. Kufika adhuhuri kila mmoja ana milioni 2 kasoro "chai" ya dalali. Banda hakuna, kuku hakuna. Mmoja anahamia Mbagala, simu haipatikani. Deni ni la kikundi, kwa hiyo wanne waliobaki wanabeba na la kwake. Wakikimbilia kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, kuziba rejesho, mkopo usio na riba umeshawagharimu kuliko wa benki yoyote.

Mnaotaka kweli: unganeni na wanaofanya biashara jirani nanyi, andikeni katiba yenu wenyewe, sajilini kikundi, fungueni akaunti, mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata, ombeni kiasi ambacho mauzo yenu ya sasa yanaweza kukilipa. Mwenye ulemavu aulizie masharti yake, ni tofauti. Asiye na biashara asikope. Aanze na hisa za VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, au kama kaya haina kitu, aulize ofisi ya mtaa kuhusu TASAF, mfuko unaosaidia kaya maskini. Dalali hatumuhitaji.