Tukikarabati ya kale, tusiyafute

Mwanafunzi wangu mmoja wa isimu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Tulikuwa tumemaliza kutazama kipindi kimoja cha Star Trek, ule msururu mashuhuri wa runinga ya Marekani unaosimulia safari za binadamu baina ya nyota. Kipindi chenyewe ni "The Changeling" cha mwaka wa 1967. Akauliza: ikiwa wenye kazi hii walikuwa na fedha na ufundi wa kukichora upya chombo cha angani, mbona hawakukirekebisha Kiswahili?

Kwa faida ya wasioufahamu, msururu huo ulianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, na vipindi 79 vya awali vikafikia tamati mwaka wa 1969. Baadaye ukazaa misururu mingine na filamu kadha wa kadha. Miongoni mwa maafisa wa chombo kiitwacho Enterprise alikuwamo Luteni Uhura, Mwafrika aliyeigizwa na marehemu Nichelle Nichols. Mwigizaji huyo alisimulia kwamba siku ya majaribio alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyotoka mwaka wa 1962 na inayoihusu Kenya. Mwanzilishi wa msururu, Gene Roddenberry, alivutiwa na neno hilo, kisha irabu yake ya mwisho ikageuzwa ili jina lisikike laini. Sisi wanaisimu hutabasamu tusikiapo hayo, maana katika Kiswahili irabu hiyo haina uwezo wa kumgeuza mtu kuwa mwanamke. Hata hivyo, jina limedumu.

Sasa turudi kwenye swali. Mwaka wa 2006, msururu ulipotimiza miaka 40, vipindi vile vya kale vilianza kutolewa upya. Picha zilisafishwa, muziki wa utangulizi ukapigwa upya, na vielelezo vya vyombo na sayari vilivyotengenezwa kwa vifani vidogo vikabadilishwa kwa taswira za tarakilishi. Mazungumzo ya waigizaji, hata hivyo, yaliachwa jinsi yalivyokuwa. Kwa hiyo Enterprise sasa inang'aa kama sarafu mpya, ilhali Kiswahili cha Uhura kimebaki na lafudhi ile ile ya ugenini.

Katika "The Changeling", mtambo uitwao Nomad unaifuta akili ya Uhura, naye analazimika kufundishwa upya kama mtoto wa chekechea. Muuguzi Chapel anamsomesha kwa kitabu cha watoto. Uhura anapokwama na kukereka, Kiswahili kinamtoka kinywani, naye muuguzi anamrejesha kwenye Kiingereza. Tukio hilo ni la nukta chache tu. Wanafunzi wangu walicheka, mimi sikucheka.

Nilisoma katika shule ya msingi ambako aliyesikika akinena lugha ya mama alivishwa kibao shingoni. Alikivaa mpaka amnase mwenzake, na jioni wote waliokivaa siku hiyo walichapwa. Nilikivaa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Sauti ya muuguzi yule ni ya upole na haina kiboko, lakini amri yake naitambua. Wala sidhani kwamba watunzi wa mwaka wa 1967 walikusudia kudhalilisha. Kinyume chake, walimpa Mwafrika cheo katika mustakabali wa binadamu, na wakakubali kwamba lugha ya kwanza hukaa kwenye kina ambacho hata mtambo haufiki. Mambo hayo mawili, heshima na amri ile, yamo pamoja katika onyesho moja.

Hapo ndipo nilipopata jibu la mwanafunzi wangu. Tungemtafuta Mswahili wa Lamu au Mombasa atie sauti safi mahali pa ile ya zamani, tungepata sarufi nzuri na kupoteza ushahidi. Kizazi kijacho kingedhani kwamba mwaka wa 1967 watengenezaji wa runinga wa Marekani walikijali Kiswahili kiasi cha kukitamka sawasawa. Huo ungekuwa uwongo, hata kama ungetamkwa kwa ufasaha.

Sipingi ukarabati. Diski zilizoanza kuuzwa mwaka wa 2009 zilimpa mtazamaji hiari ya kuchagua taswira za kale au mpya, na huo ndio uungwana ninaoutetea. Hatari ni pale jipya linapokalia kiti cha la kale. Tazama yaliyoupata msururu wa Uingereza uitwao Doctor Who, ulioanza mwaka wa 1963. Katika miaka ya 1960 na 1970, shirika la BBC lilifuta kanda na kutupa filamu nyingi, kwa kuwa kanda zilikuwa ghali na hakuna aliyedhani vipindi hivyo vingehitajika tena. Mwaka wa 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 vilivyopotea vimepatikana Jos, nchini Nigeria. Baada ya bahati hiyo bado vilikosekana vipindi 97. Baadhi ya hadithi zilizopotea zimefufuliwa kwa michoro ya katuni, kwa msaada wa sauti zilizonaswa na watazamaji majumbani mwao. Ni kazi ya kusifiwa, lakini nani hangependa kuiona sura halisi ya mwigizaji?

Ipo pia njia nyingine ya kuunda upya, nayo ni kulijibu la kale kwa hadithi mpya. Mwaka wa 2022, msururu wa Strange New Worlds ulikirudia kisa cha "Balance of Terror" cha mwaka wa 1966, ila ukamweka nahodha mwingine kwenye usukani na kuuliza kama matokeo yangekuwa yale yale. Hivyo ndivyo afanyavyo fanani hodari wa ngano zetu: hadhira inakijua kisa, yeye anakigeuza ili wafikiri upya. Katika msururu huo huo, Uhura ni kijana aliyelelewa Kenya na anayezungumza lugha 37. Hakuna anayemkemea kwa lugha yoyote kati ya hizo. Kwangu mimi hayo ndiyo marekebisho ya kweli ya onyesho la 1967, na yamefanyika bila kufuta hata silabi moja.

Walimu wenzangu, mkizipata nakala zote mbili, ya kale na iliyokarabatiwa, zionyesheni pamoja. Waulizeni wanafunzi ni nini kilichobadilishwa, ni nini kilichoachwa, na uchaguzi huo unafichua nini kuhusu aliyeufanya. Nao wanafunzi wasione haya kuuliza kama alivyouliza yule wangu. Swali lake lilinirudisha kwenye kibao nilichodhani nimekisahau, na tangu siku hiyo nimekuwa nikianza somo langu la sera ya lugha kwa onyesho lile, likiwa na lafudhi yake mbovu vile vile.