Jaji wa mikoani aliyeisoma Katiba kama ilivyoandikwa

Pita Kariakoo leo uhesabu nyumba za chini zilizobaki. Hazichukui muda. Nyumba ya marehemu babu inageuka ghorofa la fremu, na kabla fundi hajamwaga zege lazima kuwe na kikao cha familia. Hapo ndipo swali moja linaulizwa kwa sauti ya chini: na hawa wa kike je? Familia nyingi za pale zinafuata sheria ya Kiislamu, na mtoto wa kike ana fungu lake linalojulikana. Ila mji huu una watu wa kila mkoa, na wengine wanaingia kikaoni na mila za kwao. Wasipoelewana wanakutana Temeke, kwenye Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia.

Swali hilo lina mtu wake: Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu. Wenzetu wa sheria wanamsoma. Sisi wa ualimu na kozi nyingine tunamaliza chuo bila hata kulisikia jina lake, na tutakwenda kufundisha uraia hivyo hivyo.

Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984, miaka zaidi ya ishirini baada ya uhuru. Hata hapo Serikali ilijipa muda wa kurekebisha sheria zake, kwa hiyo hadi Machi 1988 raia hakuweza kuzidai mahakamani. Muda ukaisha, sheria nyingi zikiwa vilevile. Mwalusanya alikuwa Mwanza. Hakuwa na hukumu za nyuma za kuegemea, kwa sababu hakuna aliyekuwa ametangulia. Mwaka huohuo wa 1988, katika kesi ya Chumchua Marwa aliyekuwa gereza la Musoma, akasema sheria ya kikoloni ya 1921 ya kumhamisha mtu kwa nguvu kutoka sehemu moja ya nchi kwenda nyingine haipatani na Katiba. Ilikuwa bado nchi ya chama kimoja, tukumbuke.

Kesi yenyewe sasa. Holaria Pastory, mama wa Kihaya, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Alikuwa mzee, hana wa kumtunza, na Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu wa nje ya ukoo. (Leo hela hiyo hailipi kodi ya mwezi ya fremu nzuri Kariakoo.) Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda Mahakama ya Mwanzo Kashasha, Muleba. Hoja yake ilikuwa fupi: mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Na kisheria alikuwa na pa kusimamia, maana mila hizo ziliandikwa na Serikali yenyewe mwaka 1963: mwanamke aweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, ila asiiuze. Akashinda. Mama akaambiwa arudishe hela.

Mahakama ya Wilaya ikapindua uamuzi huo kwa kutaja Katiba. Huwa namwonea huruma hakimu yule, maana sifa zote zimekwenda kwa jaji. Bernardo akakata rufaa Mwanza, na Februari 1990 Mwalusanya akatoa hukumu. Bunge, alieleza, liliziagiza mahakama zizisome sheria za zamani kwa marekebisho yanayohitajika ili zilingane na Katiba. Katiba inakataza ubaguzi. Basi kanuni ile isomeke kwamba mwanamke na mwanamume wa Kihaya wana haki sawa ya kurithi na kuuza. Mpwa akilitaka shamba, alikomboe kwa hizo hizo 300,000. Mila ya ukoo kukomboa ardhi yake hakuigusa; aliondoa tu sehemu iliyomfanya mama awe mrithi nusu. Mimi naona huo ndio ufundi wake.

Hakushinda zote. Akiwa Dodoma mwaka 1994, katika kesi ya Mbushuu, alisema adhabu ya kifo ni kinyume cha Katiba, akawapa washtakiwa kifungo cha maisha. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inadhalilisha, lakini ikasema Katiba inairuhusu kwa maslahi ya umma. Mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliizungumzia kesi hiyo ilipokuwa ikiifuta adhabu ya kifo kwao. Yaani walimsoma kule.

Na ya Holaria? Hukumu ilimsaidia yeye, lakini kanuni za 1963 zilibaki kwenye vitabu. Wajane wawili wa Kisukuma waliofukuzwa kwenye nyumba zao walipoomba zifutwe, Mahakama Kuu hapa Dar es Salaam mwaka 2006 ilikiri kwamba ni za kibaguzi, kisha ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya kiufundi. Wakaenda kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, ikawapa ushindi mwaka 2015, miaka 25 baada ya Mwanza. Kwa hiyo mjomba anayesema kikaoni “kimila hawa hawarithi” habahatishi. Kuna karatasi ya Serikali nyuma yake. Dada anayetaka kumjibu ana hukumu ya 1990, kama kuna mtu aliyemwambia kwamba ipo.