Mauzo yakizidi kwenye ripoti, kagua jedwali kwanza

Mfanyabiashara wa jumla anayeweka hesabu zake katika jedwali la Excel, kisha akazihamishia kwenye programu ya ripoti kama Power BI, aweza kukuta mauzo ya mwaka yamefika shilingi milioni 120 ilhali daftari lake linasema milioni 60. Programu haijaharibika. Mhasibu aliandika mstari wa "Jumla" chini ya miezi 12, na programu, ambayo haijui maana ya neno hilo, ikauhesabu kama mauzo mengine. Akiagiza mzigo kwa kutegemea ripoti hiyo, au akienda nayo benki kuomba mkopo, hasara ni yake.

Jedwali la mhasibu hutengenezwa kwa ajili ya macho ya binadamu: kichwa kikubwa juu, visanduku vilivyounganishwa, miezi ikipangwa kwenda kulia. Programu ya ripoti hutaka kitu kikavu zaidi. Kila mstari uwe muamala mmoja, na kila safu iwe na taarifa ya aina moja, yaani tarehe, akaunti, kiasi. Kujumlisha iachiwe yenyewe.

Halafu kuna ile tabia yetu ya kuandika 1,250,000/=. Alama hiyo ya mwisho huigeuza namba kuwa maneno, na Excel ikijumlisha safu kwa SUM huyaruka maneno kimyakimya. Andika 1250000, mikato itawekwa na kompyuta.

Mtego mbaya zaidi ni tarehe. 03/04/2025 kwetu ni Aprili 3, lakini kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani husoma Machi 4. Mauzo ya siku 12 za kwanza hutawanyika katika miezi isiyo yake, na kuanzia tarehe 13 programu hukataa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Kwa mlipaji wa VAT nchini Tanzania, ambaye ritani yake hutakiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hilo si jambo dogo. Power BI, wakati wa kubadili aina ya safu, hutoa nafasi ya kuchagua tarehe ziliandikwa kwa mtindo wa nchi gani. Chagua Uingereza, ambako siku hutangulia mwezi.

Data ikishaingia, linganisha jumla ya kila akaunti na urari wa mwezi huo. Zikipishana hata kwa shilingi mia, ripoti isitoke ofisini.