Mtambo Usiotumia Mafuta, Jua Wala Upepo

Wakulima wa skimu wanauliza habari za mtambo wa umeme ambao, kama wasemavyo wauzaji, hauhitaji dizeli, wala jua, wala upepo. Ndani mna mota inayozungusha dainamo kwa ukanda. Dainamo nayo hutoa umeme wa kuizungusha mota, na unaobaki, wasema, huwasha taa na kuvuta maji. Betri ni ya kuanzishia tu. Bei ya mtambo yaweza kufika bei ya ng'ombe wa maziwa, basi yafaa tuupime kwanza.

Hapa Marachi ushahidi tunao barabarani. Boda boda zilianza kwa baiskeli huku mpakani, zikichukua abiria kutoka kituo cha Kenya hadi cha Uganda. Mwulize yeyote aliyeendesha usiku. Dainamo ikigusishwa gurudumu, taa huwaka, lakini pedali huwa nzito papo hapo. Taa ile inalishwa na miguu yake. Akiacha kukanyaga, baiskeli ikasimama, ni giza.

Sasa turudi kwenye mtambo. Mota nzuri ikipewa umeme sehemu 100 hutoa nguvu sehemu 90 hivi. 10 hugeuka joto, na ukiigusa mota iliyofanya kazi utalisikia mkononi. Dainamo nzuri ikipokea 90 hutoa 81. Hizo 81 zikirudi kwenye mota, mzunguko wa pili hutoa 66 hivi, wa tatu 53. Na bado hatujawasha hata taa moja! Wengine huongeza gurudumu zito la chuma. Hilo ni kama jiwe la kunolea: huenda lenyewe kitambo, lakini ukikaza panga juu yake husimama.

Jambo hili si geni. Mwaka 1775 Akademia ya Sayansi ya Paris ilikata shauri kutochunguza tena mitambo inayodaiwa kujiendesha yenyewe. Mwaka 1813, mjini New York, Charles Redheffer alikuwa akitoza watu fedha waje kuutazama mtambo wake. Robert Fulton, mjenzi wa meli za moshi, aliutazama akaona mwendo wake si sawa, mara wakaza, mara walegea. Akang'oa vipande vya mbao, akakuta kamba ya utumbo wa mnyama imepita ukutani mpaka chumba cha juu. Huko mzee mmoja alikuwa ameketi akizungusha mkono wa chuma.

Siku hizi mzee hahitajiwi. Betri iliyofichwa yatosha. Betri ya volti 12 na ampea-saa 60 ina wati-saa 720. Ikijaa huweza kuwasha taa ya wati 10 kwa saa 72 hivi, yaani siku tatu usiku na mchana. Kwa hiyo onyesho la nusu saa sokoni halithibitishi neno. Mwambieni muuzaji afungue sanduku lote, aondoe betri baada ya kuanzisha, kisha taa ya wati 100 iwake wiki mbili katika stoo ya chama, ufunguo ukiwa kwenu. Fedha baadaye.

Mwenye shamba kando ya mto Sio anayetaka maji bila dizeli anazo njia za kweli: pampu ya jua, ambayo hunyamaza usiku, au ya kukanyaga kwa miguu, ambayo huchosha. Kupandisha pipa moja la lita 200 kwa urefu wa mita 10 ni kazi ya mtu mwenye nguvu kwa dakika tano au sita.