Sinema Katika Ukumbi wa Kambi: Waya, Picha na Usalama

Jioni ya sinema kambini si starehe tupu. Hapo ndipo askari, polisi na jamaa zao hukutana, na hapo ndipo filamu moja ya afya au ya elimu huweza kuonwa na watu wengi kwa pamoja. Hata hivyo, mara nyingi watoto husinzia mikekani huku mwendeshaji akihangaika na waya. Kazi hii haihitaji fundi bingwa, yahitaji utaratibu.

Kwanza, yafaa kuyatazama matundu ya projekta. Deki nyingi za DVD zina waya tatu: ya njano huchukua picha, nyeupe sauti ya kushoto, nayo nyekundu sauti ya kulia. Tundu la VGA, lililoletwa na kampuni ya IBM mwaka 1987, hupitisha picha tu. HDMI, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 2002, hupitisha picha na sauti katika kebo moja. Kompyuta yenye HDMI haiwezi kuunganishwa na projekta ya VGA kwa waya mtupu; sharti pawe na kigeuzi kati yao.

Pili, vyombo vyote vizimwe, waya ziunganishwe, ndipo projekta iwashwe, na deki ifuate. Pasipo picha, kitufe kilichoandikwa Source hubonyezwa mpaka tundu linalotumika lipatikane. Kwenye kompyuta ya Windows, kitufe chenye alama ya Windows hubonyezwa pamoja na herufi P, kisha huchaguliwa Duplicate.

Spika ya projekta ni dhaifu mno kwa ukumbi. Heri waya nyeupe na nyekundu zitoke kwenye deki hadi kwenye amplifaya. Vibanda vya video vya Uganda, ambako mfasiri aitwaye VJ hueleza filamu kwa Kiganda, huchanganya sauti ya filamu na ya kipaza sauti chake kwa mashine maalumu. Njia hiyo yafaa pia kambini, ambako wasikilizaji hutoka makabila mbalimbali, na Kiswahili huwaunganisha.

Usalama usisahauliwe. Jenereta ikae nje, mbali na milango na madirisha, kwa sababu moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na huua. Waya zisipite njiani mwa watu wala mahali penye maji. Watoto wasichungulie lenzi, kwani mwanga wake waweza kuumiza macho. Sinema ikiisha, projekta yenye taa ya kawaida izimwe kwa kitufe chake, na umeme usikatwe mpaka feni inyamaze; taa ikiwa moto huharibika upesi.

Mwisho, maarifa haya yasiwe ya mtu mmoja. Kila kambi ifundishe wawili au watatu, miongoni mwao akina mama na vijana, ili mwendeshaji akiwa lindoni jamaa zisikose sinema.