Ajali ya Pikipiki Ina Kinga



Wakati wa masoko ya tumbaku, fedha zinapoingia mikononi, wodi yetu ya majeruhi hujaa. Pikipiki hununuliwa kabla mwenyewe hajajifunza vizuri kuiendesha, na njia nyingi za vijiji vya Ushetu ni vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Ndugu wanaomleta mgonjwa hutuambia neno lile lile: "Nesi, ajali haina kinga." Tunajua wanalisema ili kujifariji. Lakini sisi tunaosafisha vidonda hivyo hatulikubali, na wataalamu waliozichunguza ajali kwa miaka mingi hawalikubali pia.

Uchunguzi huo si kazi ya mtu mmoja. Daktari huuona mfupa uliovunjika, lakini hazioni breki zilizokatika. Polisi hupima alama za matairi, lakini hajui ubongo umeumiaje. Mhandisi anaijua kona mbaya, mtaalamu wa takwimu anajua ni wangapi wameumia hapo, na muuguzi ndiye aliyesikia harufu ya pombe. Wakikaa meza moja, sababu huonekana. Daktari William Haddon wa Marekani, ambaye mwaka 1966 alipewa kuongoza ofisi ya kwanza ya serikali ya nchi ile juu ya usalama wa barabarani, aliigawa ajali katika nyakati tatu: kabla ya kugonga, wakati wa kugonga, na baada ya kugonga. Katika kila wakati aliuliza juu ya mtu, chombo na barabara. Alionyesha kuwa hata ikishindikana kuizuia ajali yenyewe, bado kifo kinaweza kuzuilika.

Kofia ngumu ni mfano mzuri. Mwaka 1935 askari maarufu wa Uingereza, T. E. Lawrence, alianguka na pikipiki akafa kwa kuumia kichwa. Mmoja wa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Kifo kile hakikumtoka moyoni. Alianza kukusanya habari za askari wa pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha aliyoyaona: wale wachache waliokuwa na kofia ngumu walipata ajali lakini walipona. Jeshi likaamuru kofia mwaka ule ule. Utafiti mwingi uliofuata, ulipojumlishwa pamoja mwaka 2008, ulionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi, na hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi.

Huku kwetu kanda ya Ziwa, madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2012 uchunguzi wa majeruhi 1,678 wa barabarani waliopokelewa pale. Zaidi ya nusu yao waliumizwa na pikipiki, na wengi walikuwa vijana wa miaka 21 hadi 30. Hao ndio wanaolima, wanaosomesha wadogo zao na wanaotunza wazazi. Dar es Salaam nako, shirika la Amend lilipita nyumba kwa nyumba kuzunguka shule za msingi likiuliza ni watoto gani wamegongwa na wapi. Kisha yakawekwa matuta, vivuko na njia za waenda kwa miguu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kuwa majeraha ya watoto yalipungua kwa kama robo. Watoto wale hawakuhubiriwa tu; barabara yenyewe ilirekebishwa. Shule zetu nyingi ziko kandokando ya barabara, na kamati za shule zinaweza kuomba matuta kwa maandishi.

Nyumbani, tunawaomba wazazi waache kuwapandisha watoto watatu nyuma ya dereva mmoja, ile tunayoita mishikaki. Ukikodi bodaboda, dai kofia na ufunge mkanda wake kidevuni, kwani kofia isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini. Tumeiona pia ikiwa imetundikwa kwenye usukani, safi kabisa, na mwenyewe yuko kitandani. (Tukiri na sisi: wapo watumishi wa Kanisa, hata wauguzi, wanaokwenda vigangoni kwa pikipiki vichwa wazi.)

Ajali ikitokea, msimnyanyue majeruhi kwa mikono na miguu kama gunia. Watu kadhaa wamwinue pamoja, mmoja akikishika kichwa kilingane sawa na mgongo, na alazwe kwenye ubao au mlango. Akiwa anatapika au hajitambui, ageuzwe ubavu, mwili wote kwa pamoja. Damu inayotoka ikandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Asipewe maji wala chakula. Mguu uliovunjika ufungwe na vijiti bila kubana mno. Tumepokea miguu iliyooza kwa sababu ilikazwa kamba kwa mganga wa mifupa siku nyingi, na ikabidi ikatwe.

Jambo linalotusumbua kuliko yote ni majeruhi wa kichwa anayezungumza. Amepoteza fahamu kidogo, ameamka, anauliza simu yake iko wapi. Ananuka pombe, basi watu husema, "Mwacheni alale, kesho ataamka." Kumbe ndani ya fuvu mshipa unavuja polepole, na damu inaubana ubongo. Alfajiri haamki. Mtu wa namna hiyo, akifikishwa mapema kwa mpasuaji, anaweza kupona kabisa.

Kwa hiyo aliyegonga kichwa apelekwe kituo cha afya hata kama anatembea. Akiruhusiwa kurudi nyumbani, asilale peke yake usiku wa kwanza. Mwamsheni kila baada ya saa mbili, mwulizeni jina lake na mahali alipo. Mkiona kichwa kinazidi kuuma, anatapika tena na tena, anasema maneno yasiyoeleweka, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu umelegea, degedege, au maji na damu vinatoka sikioni au puani, msisubiri kupambazuke. Mleteni usiku ule ule.